Sinia la Mwalimu wa Kiingereza

Badjanani, Moroni
4 Februari 1967

Dada yangu Hakima,

Leo ni Jumamosi. Nimekaa na kalamu mpya na nimejiapia kwamba katika barua hizi sitakuficha kitu, hata kile kitakachonitia haya. Nawe uape vivyo hivyo. Tangu tulipohama Unguja sina mtu mwingine wa kumwandikia Kiswahili, na mambo ya moyoni hayajaanza kunijia kwa Kifaransa wala kwa lugha ya hapa.

Kinachonitia haya leo ni hiki. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Idarousse, naye amesomea Unguja na amerudi kama sisi. Alitupa insha juu ya mwanafunzi mwema. Niliandika kwamba mwanafunzi mwema hulitunza daftari lake. Unajua Kiingereza hakikuachii useme "lake" ukaenda zako, lazima kwanza kikuulize ni la mume au la mke. Nilikuwa nikijifikiria mimi mwenyewe, basi nikaandika "her". Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, akapiga mstari mwekundu, akaandika "his" juu yake. Wavulana wakacheka. Toihir, anayekaa nyuma yangu, akauliza kama sasa nao wajifunge shiromani kama mama zao.

Mwalimu hakucheka. Alisema "he" ni kama nyumba kubwa ambayo mlangoni imeandikwa jina la mtu mmoja, lakini kila mtu huingia. Akasema, "Na wewe Zouhoura umo ndani."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisimama nikasema, "Mwalimu, kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayeingia."

Rafiki yangu Djaouharia akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani. Mwalimu akaniambia nina akili, nikae.

Lakini si uongo, Dada. Hapa kila baba humjengea bintiye nyumba, na yangu Baba ameifikisha madirishani. Naiona kila nikienda shule, ina matundu ya macho tu na haina kichwa. Sasa nieleze wewe uliyenitangulia kusoma: mwalimu ana haki?

Mdogo wako,
Zouhoura


Hombo, Mutsamudu
19 Februari 1967

Mdogo wangu Zouhoura,

Naapa kama ulivyoapa. Hapa nyumbani barua yako niliwasomea wote, isipokuwa ile ya Djaouharia na pua yake, kwa sababu Bibi Moinahalima angesema watoto wa Moroni hawana adabu. Unamjua Bibi, mama yake mama yangu, hana analolipenda nje ya Mutsamudu.

Mwalimu wako ana haki. Kanuni ni kanuni. Ukiingia nyumba ya watu huwaulizi kwa nini mlango unatazama kusini. Andika "his", upate alama zako, mambo yaishe.

Hivyo ndivyo nilivyotaka kukujibu. Lakini nilikitoa sandukuni kile kitabu chetu cha kusomea cha Unguja, na kwa kuwa shule nimeiacha na dukani kwa Baba hakuna wateja asubuhi, nikakipitia chote. Msafiri ni "he". Hakimu ni "he". Mtu mwenye busara, jirani, raia, wote "he". Kisha nikafika kwa muuguzi, naye ni "she". Mwalimu wa watoto wadogo, "she". Anayepika, "she". Kwa hiyo hiyo nyumba kubwa ya mwalimu wako haiingizi kila mtu kwa mlango mmoja. Ukibeba beseni, wanakuonyesha mlango wa uani.

Mwizi ni "he". Hilo tuwaachie.

Ila nawe usijidanganye kwamba kwetu ni bora. Sisi tunasema "yeye" na hatumuulizi mtu kitu. Baba huniambia, "Akija mteja, mwambie asubiri." Huyo mteja anaweza kuwa yeyote. Lakini mimi ndiye niliyeacha shule, na kaka yangu ndiye anayesoma. Neno halikumzuia yeyote kuchagua.

Dada yako,
Hakima


Badjanani, Moroni
12 Machi 1967

Dada Hakima,

Kaa chini kwanza. Limebandikwa tangazo shuleni. Huko Tananarivu, Madagaska, chuo cha ualimu kinatafuta vijana wa kusomea ualimu wa Kiingereza, na kutakuwa na mtihani mwezi wa Juni. Mwalimu Idarousse alilitafsiri ubaoni: kila mwanafunzi anayetaka alete jina lake. Akaandika "his name".

Wavulana wakapanga mstari mezani kwake. Nami nikapanga. Toihir akageuka akaniambia, "Wewe unakwenda wapi, bibi?" Nikamwambia naingia nyumbani kwangu, sijaona mlango mwingine.

Zamu yangu ikafika mezani kwake. Nilimwambia, "Mwalimu, ulisema nimo ndani." Basi alicheka, mara moja tu, bila sauti, akaliandika jina langu chini ya la Toihir. Dada, nilijiona tayari nimesimama mbele ya darasa lililojaa wasichana, nikiwaambia waandike watakavyo.

Lakini kwa msichana wanataka na ridhaa ya wakubwa wake. Baba amesema hana la kusema, jambo la binti hapa liko kwa mjomba. Nawe unamjua Mjomba Houmadi. Alihuzunika hata nilipoanza kuvaa viatu vya shule. Mimi siwezi kumwomba. Mwalimu amesema atakwenda mwenyewe, ila amekulia Unguja na hajui mkubwa wa Kikomori anaendewa vipi. Aliniuliza mimi! Na mimi najua nini?

Baba yako, Baba Mkubwa Ambari, anajua mambo haya, ameishi na wazee wa Mutsamudu miaka mingi. Muulize. Mtu mwenye ombi zito kwa mkubwa huendaje?

Zouhoura wako,
mtahiniwa, Mungu akipenda


Hombo, Mutsamudu
26 Machi 1967

Mdogo wangu mtahiniwa,

Nimekusoma nikacheka peke yangu dukani, hata mteja akadhani namcheka yeye.

Nimemuuliza Baba. Amesema jambo ni jepesi, na mwalimu wako amefanya vyema kuuliza kabla ya kwenda. Mtu mwenye ombi zito haendi mikono mitupu, wala hasemi mwenyewe. Anatafuta wazee wawili au watatu wa kumsindikiza, mmoja anabeba sinia la tambuu lililofunikwa kitambaa cheupe, na anayeomba anakaa kimya nyuma yao. Wazee wanaliweka sinia mbele ya mkubwa, wanamtaja mtoto anayehusika, basi. Mkubwa akilifunua na kuchukua jani, amekubali, na hawezi kurudi nyuma. Asipotaka, analiacha limefunikwa, na hakuna aliyeaibika kwa sababu hakuna aliyesema neno. Hivyo ndivyo Baba alivyoombea kiwanja cha duka letu, na jirani yetu alivyomwombea mwanawe kazi bandarini huko Mirontsy.

Tazama uzuri wake, Zouhoura. Hakuna maneno, basi hakuna "he" wala "she". Lipo sinia tu.

Mwambie mwalimu majani yawe mabichi.

Hakima


Badjanani, Moroni
16 Aprili 1967

Dada Hakima, Mungu akulipe wewe na Baba Mkubwa,

Amechukua jani!

Nilikuwa ndani na Mama, nyuma ya pazia. Mwalimu alikuja baada ya sala ya Alasiri na wazee watatu wa msikitini, amevaa kanzu mpya. Yote yalikuwa kama ulivyoandika. Mzee Soulé aliliweka sinia, akasema, "Tumekuja kwa ajili ya Zouhoura," akanyamaza. Mjomba Houmadi alikaa akilitazama lile sinia nikadhani ameganda. Kisha akakifunua kitambaa, akachukua jani, akalikunja polepole na kulitia kinywani. Wazee wakasoma dua ndefu. Nilimsikia Mjomba akicheka! Sikuwahi kumsikia akicheka tangu tuje hapa.

Nilimkumbatia Mama. Alikuwa analia. Nikamwambia, "Mama, Tananarivu si mbali, watu wanakwenda na kurudi." Aliniangalia kana kwamba nimesema jambo la mtoto mdogo, akaniambia nikanawe uso.

Ajabu ni kwamba Mwalimu hakungoja kuniona. Nilitaka kumshukuru. Wazee walimshika mikono huku na huku wakatoka naye, na mlangoni walikuwa wakimpongeza yeye. Nikajiambia, sawa, yeye ndiye aliyeomba.

Usiku huo Mama Mdogo Moinafouraha alikuja na uzi akanipima kifundo cha mkono. Atanifanyia bangili ya kwendea mtihani, nafikiri. Watu wamekuwa wema sana. Na mafundi wameongezeka kwenye nyumba yangu, kuta zimepita madirisha. Baba anasema anataka paa kabla ya mwezi wa Maulidi. Sijui ana haraka ya nini, maana mimi mwezi huo nitakuwa mtihanini.

Nimeanza kukariri vitenzi vyote upya.

Zouhoura


Hombo, Mutsamudu
25 Aprili 1967

Zouhoura,

Nimepata yako. Sina muda leo, duka lina watu.

Nieleze tu: baada ya sinia, Mwalimu amekuambia nini kwa kinywa chake? Na jina lako bado limo katika ile orodha ya mtihani? Mtume Djaouharia akaliangalie kwa macho yake.

Usimwambie yeyote kwamba mimi ndiye niliyekupa habari ya sinia. Usifurahi sana kwanza. Soma, lakini usifurahi.

Bibi hajambo. Alifurahi nilipomsimulia, kisha akaniuliza maswali mengi.

Hakima


Badjanani, Moroni
7 Mei 1967

Dada Hakima,

Barua yako fupi imeniogopesha kuliko ingekuwa ndefu. Umeudhika na nini? Niliapa kusema kila kitu, basi nasema, na wewe nawe useme.

Mwalimu hajaniambia neno. Wiki iliyofuata sinia alifundisha akitazama ukuta. Nilipoinua mkono alimwita Toihir. Nilipomkabidhi insha aliipokea kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto. Na insha ikarudi bila mstari mwekundu hata mmoja, Dada, na nilikuwa nimeandika "her" kwa kusudi, mara tatu, ili anipinge. Hakunipinga. Nilitamani anipinge.

Wavulana hawanitanii tena. Toihir akinipishia njia anainamisha kichwa na kuniita "mama mwalimu". Nilifurahi mwanzoni. Nilidhani ni kwa sababu nitakuwa mwalimu.

Tangu Jumatatu siendi shule. Mjomba amesema nipumzike ndani mpaka jambo litimie. Nimesema mtu haendi mtihanini kwa kupumzika, nikaambiwa sauti yangu imekuwa kubwa. Wanawake wanaingia na kutoka. Wananipaka usoni msindano, ile liwa ya hapa, wananiambia jua la shule limeniharibu. Nikiuliza ni kwa ajili ya nini, wanacheka na kunifinya shavu. Wanasema, "Mwenyewe anajua, anajifanya hajui." Mafundi wa Baba wanapiga mawe mpaka Magharibi.

Djaouharia ameliangalia. Jina langu bado limo.

Ninajua kuna kitu. Nimekaa nacho kwenye chumba hiki na sikioni uso. Nawe umekiona, ndiyo maana uliandika "usifurahi". Kama kweli uliapa, kitaje.

Zouhoura


Hombo, Mutsamudu
15 Mei 1967

Mdogo wangu,

Nitakitaja.

Sinia alilolisema Baba ni la kisiwa chetu hiki, si la chenu. Hapa kwetu linabeba ombi lolote. Sasa Bibi Moinahalima alizaliwa na mama wa Moroni, wa mtaa wenu hasa, na nilipomsimulia kwa majivuno, siku ile ile barua yako ya furaha ilipofika, aliacha kuchambua mchele. Akasema, "Huko kwao mwanamume akileta sinia kwa mjomba wa msichana, lina neno moja tu. Amemposa." Nikasema hapana Bibi, ni kwa ajili ya shule. Akasema, "Jani limeliwa? Basi ameolewa, bado sherehe tu."

Baba hakujua. Alitoka Moroni angali mdogo. Mwalimu amekulia Unguja, hakujua, au ndivyo ninavyoomba iwe. Wewe hukujua. Mjomba Houmadi ndiye aliyejua maana ya alichofunua, na alidhani sote tunajua.

Nilitaka kukuandikia usiku huo huo. Bibi alikaa karibu yangu akaniambia, "Mwalimu ana mshahara, ana dini, hana mke. Unataka kumvunjia mwenzio nyumba kwa sababu wewe huna?" Nikaandika ile barua fupi. Nilikuwa natumaini kwamba mwalimu akigundua atakwenda kwa Mjomba na kusema limetokea kosa. Nilimtazamia yeye aseme, ili nisiseme mimi.

Baba sasa anajua. Amejishika kichwa. Anasema akienda kueleza, Mjomba atasema binti yake ameletewa sinia la mzaha, na msichana aliyerudishwa baada ya jani hapati tena wa kumtazama. Anasema njia pekee ni mwalimu mwenyewe.

Mtume Djaouharia kwa mwalimu. Muulize alitaka nini. Ni mtu wa haki, ulisema.

Hakima


Badjanani, Moroni
27 Mei 1967

Dada Hakima,

Nilimtuma. Naandika huku Mama akidhani nasali.

Djaouharia alimngoja shuleni mpaka wengine walipotoka. Amenirudishia maneno yake moja moja, na Djaouharia hana uwezo wa kubuni. Mwalimu alisema kwamba siku ya sinia alishangaa alipopongezwa, na hakuelewa mpaka walipofika msikitini. Alisema aliumia kwa ajili yangu. Alisema usiku ule alikusudia kurudi kwa Mjomba asubuhi. Asubuhi Mjomba alikuwa ameshamtumia chai na mikate, na kila mtu njiani alimwita shemeji, na yeye tangu arudi kutoka Unguja hakuna mtaa uliomwita kwa jina la ujamaa. Basi hakurudi asubuhi ile, wala iliyofuata.

Kisha akamwambia hivi: "Mwambie asihuzunike. Kiingereza nitamfundisha mimi mwenyewe nyumbani. Mwanafunzi wangu hahitaji chuo."

Djaouharia anasema alikuwa anatabasamu alipolisema hilo, kama mtu aliyeleta zawadi. Alipopita kwenye ubao wa matangazo, jina langu lilikuwa limekatwa. Chuo hakichukui wake za watu. Mstari ni mwekundu, Dada. Ninaujua mkono uliouchora.

Nimekaa nikifikiria nyumba yake kubwa yenye jina moja mlangoni. Alinikaribisha humo kwa maneno, na nilipoingia kwa miguu yangu, akaja kuingia kwangu. Paa limekwisha jana. Nilimwuliza Baba kwa nini hakuniambia. Alisema, "Mwanangu, nimekujengea tangu unanyonya. Ulidhani ninamjengea nani?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa na chokaa mikononi.

Sikukasirikii. Nimejaribu wiki nzima, imenishinda. Ulinyamaza ukimngoja mwalimu, mwalimu akanyamaza akiwangoja wazee, na Mama analia akimngoja Mjomba. Nyumba yote hii imejengwa kwa watu walionyamaza. Hata mimi. Nilijua tangu bangili, nafikiri. Nilikariri vitenzi ili nisijue.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo lililobaki. Ijumaa ijayo ndoa itafungwa, na baada ya sala wazee wawili watakuja kwenye pazia kuniuliza kama nimeridhika. Mama Mdogo Moinafouraha ameshanifundisha: nisijibu. Kimya cha mwali ni ndiyo. Hajawahi kusikia mwali aliyejibu, wala hajui ingekuwaje. Nilipomuuliza alinitia mkono mdomoni, polepole, kama mtu anayefunika chungu.

Mimi nitajibu. Nimelichagua neno, ni fupi, na nitalisema kwa sauti ile ya darasani siku nilipomwambia kwamba nyumba ni ya mwanamke. Sitamtukana yeyote. Nitasema sikuridhika, na kwamba ombi lilikuwa la mtihani, na waende wakamuulize mwalimu mbele yangu. Mtihani ni wiki inayofuata. Mstari mwekundu unaweza kufutwa, nimeona akifuta mingine.

Ninachokiogopa si hasira ya Mjomba. Naogopa kwamba nyuma ya pazia kutakuwa na wazee wawili na wanawake wa shangwe, na nikishasema, wazee watageuka na kuwaambia watu, "Alinyamaza." Na vigelegele vitaanza. Nani atabisha?

Mtu mmoja tu akisimama pale na kusema "Alisema", basi nimesema. Katika lugha yetu neno hilo halina mume wala mke, na siku hiyo sitalitaka liwe na zaidi ya hapo. Djaouharia hawatamruhusu kuingia. Wewe ni ndugu yangu, binti wa Baba Mkubwa, hawawezi kukufungia mlango.

Boti inarudi kwenu kesho, na itakuja tena hapa Alhamisi. Hakima, utakuwamo?

Zouhoura